Rubani Aliyerudisha Wenzake

Usiku wa tarehe 30 Machi 1944, ndege 795 za kutupa mabomu ziliondoka Uingereza kuuendea mji wa Nuremberg, kusini mwa Ujerumani. Mwezi ulikuwa ukiangaza na mawingu yalikuwa machache, na jambo hilo likawa msiba, kwani ndege za Wajerumani ziliziona waziwazi. Ndege 95 hazikurudi. Katika vita vyote hapakuwa na usiku mwingine ambao kikosi cha mabomu cha Uingereza kilipata hasara kubwa kama hiyo.

Mmoja wa marubani wa usiku ule alikuwa kijana wa miaka 22, jina lake Cyril Barton. Alizaliwa Elveden, katika wilaya ya Suffolk, mwaka 1921. Kabla ya kuwa rubani alikuwa akijifunza kazi katika kiwanda cha ndege. Kwa hiyo alizijua ndege kwa mikono kabla ya kuzijua kwa kuzirusha. Alikuwa mtu wa dini sana. Alikwisha kwenda vitani mara 18, na mara nne katika hizo alikwenda Berlin kwenyewe. Ndege yake ilikuwa ya namna ya Halifax, yenye injini nne na watu saba, nao waliipa jina la Excalibur, upanga wa Mfalme Arthur wa hadithi za kale.

Zilipobaki maili 70 hivi kufika Nuremberg, ndege mbili za adui ziliwashambulia. Risasi za kwanza zilikata simu ya ndani ambayo kwayo rubani husema na watu wake. Injini moja iliharibika, na bunduki zao hazikuweza kufanya kazi tena. Katika ghasia ile ishara moja ilifahamika vibaya: msoma ramani, mlenga mabomu na mtu wa simu ya upepo walidhani wameamriwa kuruka, wakaruka kwa miavuli. Si haki kuwalaumu. Katika giza, moshi na kelele, mtu hana nafasi ya kuuliza mara mbili.

Basi Barton akabaki na watu watatu, hana wa kumwonyesha njia. Hata hivyo alisonga mbele akaangusha mabomu kwa mkono wake mwenyewe. Watu humsifu zaidi kwa tendo hilo, lakini kurudi ndiko kulikokuwa kazi kubwa zaidi. Alipogeuza ndege, rafadha ya injini ile mbovu iling'oka ikaruka. Matangi mawili yalikuwa yakivuja petroli. Mbele yake palikuwa na safari ya saa nne na nusu juu ya nchi yenye mizinga tele, na upepo wa mbisho ukimpinga. Aliziepuka sehemu zilizokuwa za hatari kuliko zote, akavuka pwani ya Uingereza maili 90 tu kaskazini mwa kituo chake.

Lakini petroli ilikuwa imekwisha. Injini zilizimika hata ikabaki moja, na ndege ilikuwa chini mno, mtu asiweze kuruka akapona. Barton aliwaamuru wenzake wakae mahali pa kujikinga, naye akabaki kwenye usukani akijitahidi kuziepuka nyumba za Ryhope, mji wa wachimba makaa karibu na Sunderland. Ndege ilianguka kando ya mgodi. Wale watatu walipona. Mchimba makaa mmoja, aliyekuwa akienda kazini alfajiri ile, aliuawa. Barton naye alifariki.

Tarehe 27 Juni 1944 ilitangazwa kwamba amepewa Victoria Cross, nishani ya ushujaa iliyo kubwa kuliko zote katika majeshi ya Uingereza. Wale watatu walioruka walitekwa na Wajerumani. Barton alizikwa Kingston, karibu na London. Alikuwa amemwachia mama yake barua ya kufunguliwa endapo hatarudi, na ndani yake alimweleza kwamba yeye haogopi kufa. Kilichomwia vigumu ni kuwaacha watu wa kwao.