Kufunga pumuzi juu ya kitanda

Vijana wa kwetu wanapendaka kushindana: nani atakaa chini ya maji bila kupumua kushinda wenzake. Wanafanya ile ku Lualaba, wengine hata mu pipa ya nyumbani. Kumbe kuko watu wenye kuifanya muchezo wa kweli, Wafaransa wanaiita apne, ni kusema kuzama bila chupa ya hewa. Mufaransa Jacques Mayol alifikisha metre 100 mu 1976, ku kisiwa cha Elba, Italia. Mu 2009, Stéphane Mifsud, Mufaransa vilevile, alilala uso ndani ya maji dakika 11 na sekonde 35 bila kuvuta hata pumuzi moja.

Mutu mwenye kuanza leo, mafundi hawamutume mu maji marefu. Wanamulalisha kwanza juu ya kitanda.

Juu ya nini? Jaribu kufunga pumuzi: kisha muda kidogo kifua kinawaka moto. Wengi wanazani oksijeni imeisha. Hapana, ingali mingi. Ni gazi karboniki, ile hewa chafu yenye mwili unatoa, ndiyo inajaa mu damu na kupiga kengele mu kichwa. Ukiendelea, ile nyama ya chini ya mapafu inaanza kurukaruka kama mutu mwenye kwikwi. Mwanafunzi anajifunza kuiacha irukeruke na mwili kubaki umelegea, maana kila musuli wenye kukaza unakula oksijeni.

Mazoezi yenyewe hayaombi feza. Tumbo lisiwe na chakula kingi, lala chali, legeza meno na mabega. Pumua polepole, vuta moja kubwa, funga. Tuseme unafikisha dakika 2. Basi mazoezi yako ni nusu yake, dakika 1, mara munane. Mbele ya mara ya kwanza unapumzika dakika 2, mbele ya mara ya pili dakika 1 na sekonde 45, unapunguza sekonde 15 kila mara, mpaka mbele ya mara ya munane unabakia na sekonde 15 tu. Hewa chafu haipate wakati wa kutoka yote, na mwili unazoea kelele ya kengele. Mazoezi mengine yanageuza ile: mapumziko yanabaki sawasawa, kufunga ndiko kunaongezeka. Usichanganye yote mbili siku moja. Wengine wanafunga pumuzi huku wanatembea. Pale inaomba mwenzako awe pembeni, na mutembee fasi ya majani, maana mutu akizimia amesimama, anaanguka na kichwa.

Kuko werevu moja wa kuua: kupumua mbio mbio mara ishirini mbele ya kuzama. Ile haiongeze oksijeni ya maana, damu ilikuwa karibu kujaa tayari. Inafukuza gazi karboniki tu, ni kama umekata waya ya kengele. Oksijeni inaisha, hausikie kitu, unazimia. Ku kitanda mwili utapumua wenyewe na utaamuka. Mu maji utavuta maji. Na wengi wanazimia wakati wa kupanda, wanakaribia kabisa juu, maana uzito wa maji wenye ulikuwa unakandamiza mapafu unapungua, na oksijeni mu damu inashuka pamoja nao. Ndiyo sababu moja anazama, mwingine anamuangalia. Hata mu pipa.

Na hapa nafikia mashimo yetu. Mutu akianguka chini juu ya hewa mubaya, mwenzake anasema: nitafunga pumuzi, nimukamate, nipande naye. Zile dakika 2 za kitanda ni za mutu mwenye kulala! Kushuka na kamba, kuinua mwanaume muzima, moyo unapiga mbio na oksijeni inaisha upesi sana. Muzamiaji, maji yanamukatalia kuvuta pumuzi kule chini. Mu shimo hakuna kitu cha kumukatalia. Anavuta mara moja, mara mbili, analala pembeni ya ndugu yake. Moshi wa motopompe yenye kuwashwa ndani uko na karboni monoksidi, haina harufu, na ile kengele ya mwili haiitambue. Ku sendika tunaomba mashine ya kupuliza hewa, kipimo cha gazi, na kamba ku kiuno cha kila mwenye kushuka, ifungwe mbele ashuke. Wakubwa wanasema ni bei kali. Sanduku la maiti nalo linauziwaka.

Wenye kula vumbi la jiwe miaka mingi na sasa wanakohoa, wenye ugonjwa wa moyo ao kifafa, mama wenye mimba, wasijaribu mbele ya kuonana na munganga. Mazoezi haya hayaponye silikozi. Wengine, saa iko ku telefone, waanze na sekonde 30.