Jina Lililo Katika Hati ya Shamba

Katika nyumba nyingi za wakulima wa Kenya kuna sanduku la bati, na ndani ya sanduku hilo, chini ya vyeti vya ubatizo na stakabadhi za kahawa, kuna karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Karatasi hiyo ni hati ya shamba. Watoto hukatazwa kuigusa, na wazee huitoa kwa nadra sana. Lakini mtu akiifungua na kulisoma jina lililoandikwa, mara nyingi ataona ni jina la mtu aliyekwisha kufa. Wanaolima shamba hilo wako hai. Mwenye shamba, kwa macho ya sheria, yuko kaburini.

Jambo hili si dogo. Mwana anayelima shamba lililo katika jina la marehemu baba yake hawezi kuliuza kwa halali, wala kuliweka rehani apate mkopo, wala kuwagawia wanawe. Tena, tangu siku ile baba alipoipokea hati, sheria za ardhi zimebadilika zaidi ya mara moja, na kila zilipobadilika waliongezeka watu ambao sharti waulizwe kabla shamba halijatolewa. Asiyejua mabadiliko hayo aweza kupoteza fedha zake, au shamba lake, au vyote viwili.

HATI ILIVYOANZA

Zamani shamba halikuwa na karatasi. Mipaka ilijulikana kwa miti na mawe, na mashauri yalikatwa na wazee wa ukoo. Mtu mmoja aliweza kuwa na vipande vingi vya shamba, kimoja bondeni, kimoja mlimani, kingine ng'ambo ya mto.

Mwaka 1954 Serikali ya kikoloni ilitoa mpango wa kustawisha kilimo cha Waafrika, ulioandikwa na Bwana Roger Swynnerton wa Idara ya Kilimo. Mpango huo ulitaka vipande vya kila mtu viunganishwe kuwa shamba moja, lipimwe, liandikwe katika daftari, na mwenyewe apewe hati. Hapo angeweza kupanda kahawa, kufuga ng'ombe wa maziwa na kuomba mkopo. Kanuni za kazi hiyo zilitolewa mwaka 1956, na sheria kamili ya kusajili mashamba ya Waafrika ikapitishwa mwaka 1959. Kazi ilikwenda kwa haraka zaidi katika wilaya za Kiambu, Nyeri na Fort Hall, ambayo leo yaitwa Murang'a.

Ikumbukwe kwamba miaka hiyo ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwezi wa Oktoba 1952 na kumalizika mwezi wa Januari 1960. Watu wengi walikuwa wamefungwa kizuizini, na wengine wamehamishwa kwa nguvu kutoka mashambani mwao na kuwekwa katika vijiji. Basi vipande vilipopimwa na kuunganishwa, wengine hawakuwapo kusema, "Hiki ni changu." Wako waliorudi wakakuta ardhi yao imeandikwa jina la mtu mwingine. Tena mpango wenyewe haukuficha kwamba wakulima wenye uwezo wangepata ardhi zaidi, na wengine wangebaki bila ardhi.

Jambo la pili lilikuwa hili: daftari liliandikwa, kwa desturi, jina la mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mwanamume, mkuu wa nyumba. Mke aliyelima shamba hilo kila siku hakuandikwa. Wana hawakuandikwa, wala mama mzee aliyeishi pembeni mwa shamba. Watu hawakuona ubaya, kwa kuwa kila mtu alijua kwamba baba analishika shamba kwa ajili ya jamaa yake yote.

Lakini sheria haikusema hivyo. Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka 1963 ilimfanya aliyeandikwa kuwa mwenye shamba kabisa. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 yalifika mbele ya korti mashauri ya watu wa nyumba moja. Katika shauri moja baba aliwashtaki wanawe ili watoke katika shamba lililoandikwa jina lake. Wana walijitetea kwa desturi ya ukoo wao, korti ikasema kwamba usajili umekwisha kuiondoa haki ile ya desturi. Hapo ndipo wengi walipofahamu nguvu ya karatasi iliyo sandukuni.

BODI YA ARDHI

Mwaka 1967 ilipitishwa sheria ya kusimamia uuzaji wa mashamba. Kwa sheria hii, shamba la kilimo haliwezi kuuzwa, wala kukodishwa, wala kuwekwa rehani, wala kukatwa vipande, mpaka Bodi ya Ardhi ya mahali hapo itoe kibali. Maombi ya kibali sharti yapelekwe katika muda wa miezi sita tangu mapatano yalipofanywa. Kibali kisipopatikana, mapatano ni batili, kana kwamba hayakufanywa.

Watu wengi wamepata hasara kwa kutojua maneno hayo. Kwa mfano, mtu anunua ekari mbili kwa jirani. Waandika mapatano mbele ya mashahidi wanne, fedha zahesabiwa mezani, chai yanywewa, na mnunuzi aanza kujenga. Hakuna aendaye kwenye Bodi, maana wameaminiana. Miaka miwili baadaye bei ya ardhi yapanda, na jirani abadili moyo. Mnunuzi akienda kortini na karatasi yake, ataambiwa kwamba sheria yampa haki ya kudai fedha zake alizolipa, lakini si ekari mbili. Ni kweli kwamba wakati mwingine korti zimemsaidia mnunuzi aliyekaa mahali kwa muda mrefu, lakini hakuna mtu mwenye busara awezaye kujenga nyumba yake juu ya tumaini la namna hiyo.

Bodi nyingi zimekuwa na desturi ya kumtaka mwuzaji aje pamoja na mkewe na watoto wake walio watu wazima, waulizwe kama wamekubali. Desturi hiyo imeokoa nyumba nyingi. Mume aliyekuwa akiuza shamba kwa siri ili alipe madeni ya ulevi amejikuta akiulizwa mbele ya watu, "Hawa watalala wapi?"

MKE NA SHAMBA

Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 ilileta mabadiliko makubwa zaidi. Yasema kwamba mume na mke wana haki sawa wakati wa kuoana, wakiwa katika ndoa, na ndoa inapovunjika. Yataka pia kuondolewa kwa sheria, mila na desturi zinazowabagua wanawake katika mambo ya ardhi. Baada yake zilikuja Sheria ya Ardhi na Sheria ya Usajili wa Ardhi, zote za mwaka 2012, ambazo zilichukua mahali pa ile ya 1963, kisha Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013.

Kwa sheria hizi, nyumba ya ndoa haiwezi kuwekwa rehani wala kukodishwa bila idhini ya wote wawili, iliyoandikwa, na kila mmoja awe amefahamu anachokubali. Kwa hiyo mtu akitaka mkopo wa benki kwa dhamana ya shamba lenye nyumba yao, benki itamwuliza mwenzake. Haidhuru hati ina jina la mume peke yake.

Lingine lapasa kufahamika vizuri, maana limeleta maneno mengi. Sheria ya mwaka 2013 yasema kwamba mchango wa mtu katika mali ya ndoa si fedha tu. Kazi ya nyumbani, kulea watoto na kulima shamba ni mchango pia. Hata hivyo haisemi kwamba ndoa ikivunjika kila kitu hukatwa nusu kwa nusu. Mahakama ya Juu ilieleza jambo hilo mwezi wa Januari 2023: kila mmoja hupewa kwa kadiri ya mchango alioutoa, na kila shauri huangaliwa kwa hali yake. Basi wanaosema kwamba mke hana kitu wamekosea, na wanaosema kwamba mke huchukua nusu siku ya kwanza wamekosea pia.

Hata ile haki ya jamaa iliyokataliwa na korti miaka ya 1970 imerudi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 yatambua kwamba mtu aweza kuandikwa katika hati naye kwa kweli analishika shamba kama amana ya ukoo wake. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ililitilia nguvu neno hilo, ikasema kwamba amana ya namna hiyo yaweza kuthibitishwa kwa ushahidi, hata kama haikuandikwa katika daftari. Lakini kuthibitisha ni kazi ndefu ya mashahidi na mawakili, na mashahidi wenyewe ni wazee ambao hupungua kila mwaka.

MWENYE SHAMBA AKIFA

Sasa turudi kwa lile jina la marehemu. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, ndiyo inayoongoza mali ya mtu aliyekufa baada ya siku hiyo. Waislamu hufuata sheria ya dini yao, na katika baadhi ya wilaya, nyingi zao za wafugaji, ardhi ya kilimo ya mtu asiyeacha wosia hugawanywa kwa desturi za mahali.

Kwa wengine wote, mtu akifa bila wosia, mjane wake hukaa katika shamba na kulitumia muda wote wa maisha yake, lakini hawezi kuliuza bila ruhusa ya korti. Baada yake mali hugawanywa kwa watoto wote sawasawa. Sheria haisemi wana, yasema watoto. Binti aliyeolewa ni mtoto, na asiyeolewa ni mtoto. Ikiwa marehemu alikuwa na wake wengi, mali hugawanywa kwanza kwa nyumba, kwa hesabu ya watoto wa kila nyumba, na kila mjane aliye hai huhesabiwa kama mmoja zaidi katika nyumba yake.

Asiyepewa mamlaka na korti haruhusiwi kugusa mali ya marehemu. Kukata shamba vipande, kuuza miti, kumkaribisha mnunuzi, yote hayo ni hatia, na adhabu yake yaweza kuwa faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Hata msimamizi aliyewekwa na korti hawezi kuuza ardhi kabla korti haijathibitisha mgawanyo.

Njia yenyewe si ya siri. Watu wa nyumba huchukua cheti cha kifo na barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, nao hupata katika ofisi ya ardhi karatasi rasmi inayoonyesha shamba limeandikwa kwa jina la nani. Hupeleka maombi kortini, na tangazo hutolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali ili mwenye pingamizi aseme. Baadaye msimamizi hupewa hati ya usimamizi, na kwa kawaida miezi sita ikipita korti huthibitisha fungu la kila mrithi. Hapo ndipo ofisi ya ardhi iwezapo kulifuta jina la marehemu na kuandika majina ya walio hai.

Taabu hutokea pale warithi wanaponyamaza. Mzee aliyepata hati mwaka 1958 akifa, wanawe watano hugawana kwa midomo. Wanawe hao nao wakifa, wajukuu ishirini hulima vipande ambavyo katika daftari ni shamba moja la babu. Mmoja akitaka kuuza fungu lake, au kuombea mkopo wa karo ya shule, sharti wote ishirini waitwe, na mirathi ya babu ifunguliwe, kisha ya kila baba. Wengine wako mijini, wengine hawasemezani. Jambo ambalo lingemalizwa kwa mwaka mmoja na watu watano, sasa lamaliza fedha na undugu wa watu ishirini.

YAPASAYO KUFANYWA

Kwanza, kila mwenye nyumba aitoe hati yake na kuisoma, kisha aende ofisi ya ardhi kuhakikisha kwamba daftari lasema vivyo hivyo. Pili, ikiwa jina ni la marehemu, jamaa wakutane mapema, na mabinti waitwe, maana mrithi aliyefichwa aweza kurudi kortini na kuuvunja mgawanyo wote. Tatu, mtu asinunue shamba kwa mashahidi na chai tu. Aulize daftari, aulize mke, aende kwenye Bodi kabla miezi sita haijapita. Nne, mume na mke waweza kuandikwa wote wawili katika hati moja, na kufanya hivyo wakiwa hai na wenye amani ni rahisi kuliko kubishana baadaye.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari lenye jina la mtu mmoja aliyelala kaburini si kinga kwa walio hai. Sanduku la bati na lifunguliwe wakati wazee wangali wapo, waweze kuonyesha kwa mkono ni nani aliyelima wapi.