Mashine za kuchambua kahawa: ikaguliwe kamera kabla ya bei

MFANYABIASHARA anayetafuta mashine ya kuchambua kahawa au nafaka kwa rangi kwa kawaida huanza na swali la tani ngapi kwa saa. Swali hilo ni la haki. Hata hivyo, faida au hasara ya mashine hiyo hutegemea sana kamera iliyomo ndani yake.

Kamera ya kawaida hupiga picha nzima kwa mara moja. Kamera ya mstari husoma ukanda mmoja mwembamba tu, kisha mwingine, na mwingine, huku bidhaa ikipita mbele yake. Kompyuta huunganisha mistari hiyo ikawa picha. Ndiyo maana kamera hizi hutumika pale ambapo bidhaa haisimami: viwanda vya karatasi, nguo, vigae, mabati na nafaka.

Hesabu yake ni rahisi. Kamera yenye vitone 4,096 ikitazama upana wa mita 1, kila kitone husoma karibu robo ya milimita. Punje zikipita kwa kasi ya mita 3 kwa sekunde, kamera inapaswa kusoma mistari 12,000 hivi kila sekunde ili picha isipotoke. Muda wa kila mstari ni mfupi mno, hivyo taa lazima ziwe kali na zisizopepesa. Kioo kikishika vumbi, mashine huona rangi isiyo ya kweli.

Kwa nini rangi

Punje nyeusi ndani ya kahawa safi ya kijani huonekana hata kwa kamera isiyotambua rangi. Tatizo ni punje chachu, zenye manjano au hudhurungi. Weupe au weusi wake unaweza kukaribiana na wa punje nzima. Kamera ya rangi huzitenganisha kwa kuwa hupima nyekundu, kijani na bluu kila moja peke yake.

Zipo kamera zenye safu tatu, kila safu na rangi yake. Punje hupita mbele ya safu moja kabla ya nyingine, na mashine husawazisha tofauti hiyo ya muda. Mwendo ukiwa sawasawa, kazi ni nzuri. Punje ikiruka au kubingirika, kingo zake huonekana na rangi ya uongo, na punje njema inaweza kutupwa. Aina nyingine hutumia kioo cha prizimu kinachogawa mwanga wa mstari uleule mara tatu kwa wakati mmoja. Aina hiyo huepuka kosa hilo, lakini bei yake ni ya juu zaidi.

Hasara iko wapi

Kamera ikiona kasoro, tundu la upepo wa kompresa hufunguka na kuipuliza punje nje. Mara nyingi upepo huo huondoka na punje njema zilizo jirani. Tuchukue mfano wa mashine ya tani 2 kwa saa inayotupa asilimia 2 ya mzigo mzuri. Hizo ni kilo 40 kwa saa, au kilo 320 kwa zamu ya saa 8. Mashine ya bei nafuu inaweza kuwa ghali kwa njia hiyo.

Kwa hiyo mnunuzi apeleke mzigo wake mwenyewe, si sampuli ya muuzaji. Uchambuliwe kwa kasi ileile iliyoahidiwa. Kisha apime mambo mawili: kasoro zilizobaki katika mzigo mzuri, na punje njema zilizomo katika takataka. Aulize pia gharama za umeme, kompresa, taa na fundi.

Ikumbukwe kuwa kamera haina pua. Punje inayonuka inaweza kufanana kabisa na nzima, na hapo mwonjaji wa kahawa bado anahitajika.