Kapasita Moja ya Kuaminika: Mita ya Kujitengenezea ya Kupimia Koili na Kapasita

Multimita ya bei nafuu, ile inayokaa juu ya meza ya karibu kila fundi wa redio na runinga, hupima volti, ampea na omu. Ukiishikiza kwenye koili itakusomea omu 0.3 au karibu na hapo, na utakuwa umejua jambo moja tu: waya haujakatika. Kama koili hiyo ina maikrohenri 10 au 1,000, multimita haina la kusema. Kapasita iliyong'olewa kwenye bodi kuukuu, maandishi yamefutika, nayo hubaki kuwa kitu cha kukisia. Kwa anayetengeneza antena, anayeunda redio au anayekarabati pawasaplai, kukisia huko ni hasara ya muda na vipuri. Koili uliyoisokota mwenyewe kwenye feraiti haina kiwanda kilichoiandikia thamani, lazima ipimwe.

Kifaa cha kuipima kinaweza kutengenezwa nyumbani kwa vipuri vichache: bodi ya Arduino Nano, IC ya LM311, koili moja ya maikrohenri 100, kapasita mbili za pikofaradi 1,000 na mbili za maikrofaradi 10, resista chache, swichi na kioo kidogo cha kuonyesha tarakimu. Muundo huu ulipata umaarufu kupitia mita za Neil Heckt wa Marekani, aliyeziuza kwa jina la kampuni yake, Almost All Digital Electronics. Tangu hapo wapenzi wa redio wameunakili na kuurekebisha kwa namna nyingi.

Msingi wake ni wa zamani zaidi. Mwaka 1853 William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alionyesha kwa hesabu kwamba umeme ukiachiwa kati ya kapasita na koili unaweza kwenda na kurudi, kama bembea, kwa kasi inayoamuliwa na thamani za vitu hivyo viwili. Kwa maandishi ya leo: f = 1/(2π√(LC)), ambapo f ni masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, L ni thamani ya koili na C ni ya kapasita. Maikrohenri 100 na pikofaradi 1,000 hutoa takribani kilohezi 503. Ongeza kapasita usiyoijua sambamba na ile iliyopo, masafa yatashuka. Ongeza koili usiyoijua mfululizo na ile iliyopo, yatashuka pia. Kazi yote ya mita ni kuhesabu yameshuka kiasi gani, na kuhesabu mitetemo ndiyo kazi ambayo maikrokontrola ya bei ndogo huifanya vizuri kuliko nyingine zote.

LM311 ndiyo inayoufanya mtetemo usife. Miguu ya 1 na 4 inaenda ardhini, wa 8 kwenye volti 5. Mguu wa 2 unashikiliwa katikati na resista mbili za kiloomu 100, moja kutoka volti 5 na nyingine kutoka ardhini, na resista ya tatu ya kiloomu 100 inaurudishia umeme kutoka mguu wa 7. Koili na kapasita zimefungwa sambamba, upande mmoja ardhini, na upande wa pili unafika mguu wa 2 kupitia kapasita ya maikrofaradi 10, chanya yake ikielekea kwenye IC. Kati ya miguu ya 7 na 3 weka kiloomu 47, na kati ya mguu wa 3 na ardhi weka maikrofaradi 10 nyingine. Hizo mbili huufanya mguu wa 3 ukae kwenye wastani wa volti zinazotoka, na sakiti hujipanga yenyewe. Usisahau kiloomu 1 kati ya mguu wa 7 na volti 5. LM311 huweza kuvuta mguu huo chini tu, haiwezi kuusukuma juu, kwa hiyo bila resista hiyo hutapata kitu. Mguu wa 7 huo huo unaingia D5 ya Nano, ambayo ni njia ya kuingilia kwenye kihesabio chake.

Sasa tufike kwenye sehemu ninayoiona kuwa ndiyo roho ya muundo huu. Koili uliyonunua imeandikwa 100, lakini huenda ni 92 au 108. Kapasita yake nayo haina uhakika. Haidhuru. Pima masafa ya sakiti tupu, yaite F1. Kisha kwa swichi unganisha sambamba kapasita ya pili, ile ya marejeo, unayoijua kwa hakika kuwa ni pikofaradi 1,000; pima tena, uyaite F2. Tuseme F1 ni hezi 490,000 na F2 ni 350,000. Uwiano wake ni 1.4, ukiuzidisha kwa wenyewe unapata 1.96, toa 1 inabaki 0.96. Gawanya 1,000 kwa 0.96: kapasita ya ndani, pamoja na mabaki yote ya waya na bodi, ni pikofaradi 1,041.7. Ukiirudisha kwenye kanuni ya Thomson, koili ni maikrohenri 101.3. Vitu viwili vilivyokuwa havijulikani sasa vinajulikana, na shahidi ni mmoja tu. Ukiweka koili ngeni na masafa yakashuka kutoka 490,000 hadi 400,000, hesabu ni ile ile: 490 kwa 400 ni 1.225, kipeo chake cha pili ukitoa 1 ni 0.5006, zidisha kwa 101.3. Koili ngeni ni maikrohenri 50.7.

Kwa hiyo pesa zako zielekee kwenye kapasita ya marejeo. Tafuta yenye kosa lisilozidi asilimia 1, ya kauri ya aina ya C0G, ambayo pia huandikwa NP0, au ya polistirini, au ya mika ya fedha. Zile za kauri zenye alama Y5V zikae mbali kabisa na kifaa hiki, maana thamani yake huyumba vibaya joto likibadilika. Wengi huhangaikia saa ya bodi, kwa sababu bodi nyingi za bei ndogo hutumia rezoneta ya kauri badala ya fuwele ya kwatzi. Kwa kapasita hilo halina madhara, kwani hesabu inatumia uwiano wa F1 na F2, na kosa la saa linajifuta lenyewe. Kwa koili linaingia, tena mara mbili: saa ikikosea asilimia 0.5, koili itakosewa asilimia 1 hivi. Kwa fundi hiyo inatosha kabisa.

Ukihesabu kwa sekunde nzima, hezi 1 katika 500,000 ni badiliko la takribani pikofaradi 0.004. Usiamini tarakimu hiyo ya mwisho. Vidole vyako, urefu wa waya na joto la chumba vina uzito zaidi. Sakiti ichomelewe kwa risasi kwenye bodi, si kwenye bredibodi. Waya za kupimia ziwe fupi. Na kabla ya kupima, wacha kifaa dakika chache kipate joto, kisha usome F1 upya waya zikiwa mahali pake, zimeachana kwa kapasita na zimegusanishwa kwa koili.

Mita hii haiwezi kila kitu. Transfoma ya bati za chuma haitapimika vizuri kwa masafa ya mamia ya kilohezi. Kapasita kubwa za elektroliti huzima mtetemo au hutoa majibu ya uongo. Kwa hizo, tumia bodi hiyo hiyo kwa njia nyingine: ichaji kapasita kupitia resista ya kiloomu 10 na uhesabu muda hadi ifike asilimia 63.2 ya volti za chanzo. Maikrofaradi 100 itachukua sekunde 1. Kapasita ya feni ya dari ya maikrofaradi 2.5 itachukua milisekunde 25. Lakini kwanza itoe chaji kupitia resista. Ile kubwa ya pawasaplai inayotumia volti 230 huweza kubaki na volti 325, na hizo huua mtu, achilia mbali Nano.

Ukimaliza, kuna jaribio lisilohitaji mita nyingine. Pima kapasita mbili, moja moja, kisha zote zikiwa sambamba. Jumla isipolingana, kagua waya, programu na namna unavyosoma F1. Ikilingana, bado hujamaliza: kapasita ya marejeo ikiwa imekosea asilimia 5, vipimo vyote vitakosea asilimia 5 na jumla italingana vizuri tu. Ndiyo maana ni vyema kununua kapasita nyingine ya asilimia 1, ya thamani tofauti na kutoka kiwanda kingine, kwa mfano pikofaradi 2,200. Ipime. Ikisomeka kati ya 2,150 na 2,250, anza kazi.