Runinga ya Thamani Hupimwa Gizani

Mtu aingiaye katika duka la vyombo vya umeme, iwe Kariakoo, iwe Luthuli Avenue mjini Nairobi, iwe Deira kule Dubai ambako jamaa zetu wengi hupenda kununulia, hukuta ukuta mzima wa runinga zilizowashwa kwa pamoja, zote zikionyesha kasuku, matunda na mawimbi kwa rangi kali ambazo hakuna kasuku aliye hai aliyepata kuwa nazo. Na kwa kuwa jicho la binadamu huvutwa na king'aacho, mnunuzi huinyoshea kidole ile iwakayo kuliko wenziwe, akalipa, akaenda zake. Wauzaji wanalijua hilo, na ndiyo sababu runinga za dukani huwekwa katika mpangilio maalumu wa maonyesho, ambao nuru na rangi zake zimepandishwa kupita kiasi ili zishindane na taa za dari. Ama kwa hakika, kinacholipiwa fedha nyingi katika runinga ya daraja la juu ni giza zaidi kuliko mwanga: uwezo wa kioo kuonyesha weusi ulio mweusi kweli, ilhali nukta ya nuru iliyo kando yake imebaki kali.

Katika runinga za LCD, ambazo ndizo zilizoenea, kioo chenyewe hakitoi nuru. Nyuma yake huwekwa taa, na pikseli za kioo hufungwa au kufunguliwa ili kuizuia nuru hiyo au kuipitisha, na maadamu hakuna mlango usiovuja, usiku wa filamu hugeuka kuwa wa kijivu. Mafundi walipotaka kuuponya ugonjwa huo walizifanya taa za nyuma kuwa ndogo mno na kuzigawa mafungu kwa mamia, na katika runinga za juu kabisa kwa maelfu, kila fungu likiweza kufifishwa peke yake; hizo ndizo ziitwazo Mini LED. OLED imefuata njia nyingine, maana humo hamna taa ya nyuma hata moja, bali kila pikseli, nazo ni zaidi ya milioni 8 katika kioo cha 4K, huwaka na kuzimika kwa nafsi yake. Asili ya hikima hii ni kazi ya Ching Tang na Steven Van Slyke wa Eastman Kodak, waliyoitangaza mwaka 1987, walakini ilipita robo karne kabla ya LG kuleta sokoni runinga ya OLED ya inchi 55 mwaka 2013. Na mwaka 2022 Samsung na Sony wakatoa aina ya QD-OLED, ambayo rangi zake hazipauki hata picha inapong'aa sana.

Mwenye shaka na amwombe muuzaji auondoe mpangilio wa duka, aweke ule wa sinema, kisha afungue filamu yenye tukio la usiku na maandishi meupe ya tafsiri chini ya picha. Mnunuzi asogee ubavuni mwa runinga, azitazame zile herufi: ikiwa mafungu ya taa ni machache, ataona ukungu wa nuru umezizunguka, kwa sababu fungu zima limewashwa kwa ajili ya neno moja, na ukungu huo huzidi kila atazamapo kwa upande; katika OLED herufi husimama peke yake juu ya weusi, basi. Si jambo dogo hilo. Mwezi wa Aprili 2019, sehemu ya tatu ya msimu wa mwisho wa tamthilia ya Game of Thrones, yenye vita vya usiku tangu mwanzo hadi karibu na mwisho, iliwaudhi watazamaji wengi waliosema hawaoni kitu, na mpiga picha wake, Fabian Wagner, akajibu kwamba watu wengi hawajui kurekebisha runinga zao. Alisema kweli kwa sehemu tu, kwani picha ipitishwayo katika intaneti hubanwa, na katika kubanwa huko kiza ndicho kiumiacho kwanza.

Hata hivyo weusi huo hauna faida katika chumba kisicho na giza. Sebule zetu nyingi za Pwani zina madirisha mapana na jua tele, na QD-OLED ikipigwa na mwanga wa mchana weusi wake huelekea ukijivu. Juu ya hayo, OLED ya kila aina ina hatari ya kubaki na alama ya kitu kilichokaa mahali pamoja muda mrefu, mathalani nembo ya kituo au ule ukanda wa habari upitao chini ya picha. Kwa hiyo nyumba ambayo runinga huwashwa asubuhi ikaachwa na taarifa za habari mpaka usiku, mimi ningeishauri ichukue Mini LED bila kusita. Na habari za 8K tuziache. Filamu za kuijaza ni kama hazipo.

Baada ya weusi, mwendo nao utazamwe. Filamu karibu zote hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde. Kioo cha hezi 60, yaani mizunguko 60 kwa sekunde, hakiwezi kuzigawa sawasawa, kwa hiyo picha moja hukaa mizunguko mitatu na ifuatayo miwili, na mwendo hugugumia. Kioo cha hezi 120 huipa kila picha mizunguko mitano, ikatulia. Kuna na ule ujanja wa kulainisha mwendo kwa kubuni picha za katikati, unaoifanya filamu ionekane kama tamthilia ya bei rahisi, hata Tom Cruise mwaka 2018 akatoa video ya kuwasihi watu wauzime. Uzimeni.

Vijana wa gemu wao watazame matundu. PS5 na Xbox Series X, zilizotoka Novemba 2020, huweza kutoa picha za 4K kwa hezi 120, lakini kwa tundu la HDMI 2.1 peke yake, na runinga nyingi zenye matundu manne zina mawili tu ya namna hiyo, ambapo moja aghalabu ndilo hilo hilo la kutolea sauti kwenye saundbaa. Tena wasiisahau modi ya gemu, kwa kuwa bila hiyo amri ya kidole huchelewa kufika kwenye picha, na goli likaingia kipa hajaruka. Wasihadaike pia na tarakimu kubwa za mwendo zilizoandikwa kwenye boksi. Waulize hezi za kioo chenyewe.

Ama kuhusu nyumba yenye taa na makufuli yanayoamrishwa kwa simu, kanuni ya Matter, iliyotolewa mwaka 2022 kwa ushirika wa Apple, Google, Amazon, Samsung na wengineo, imepunguza ule uhasama wa vyombo vya makampuni mbalimbali. Lakini runinga isichaguliwe kwa ajili ya hayo, maana programu zake huzeeka kabla ya kioo chake, na kijisanduku cha bei nafuu cha intaneti, kichomekwacho kwenye runinga, hubadilishwa kwa urahisi kuliko runinga. Isitoshe, runinga hizi hupeleleza: mwaka 2017 kampuni ya Vizio ilikubali kulipa dola milioni 2.2 kumaliza mashitaka, huko Marekani, ya kukusanya habari za vitazamwavyo majumbani bila idhini ya wenyewe. Ingieni katika mipangilio siku ya kwanza, mkaufunge mlango huo.

Anayeletewa runinga na ndugu aliyeko Marekani ajue kwamba nyingi za huko hufuata mfumo wa matangazo wa ATSC, ilhali kwetu ni DVB-T2, na baadhi hutaka umeme wa volti 120. Na ya Dubai, ingawa umeme wake walingana na wetu, huenda dhamana yake isitambuliwe na wakala wa hapa. Ili kuilinda runinga na umeme upandao na kushuka, stabilaiza njema inunuliwe siku ile ile. Mwisho, namba kamili ya toleo iandikwe katika risiti, herufi kwa herufi, kwa maana jina moja la runinga laweza kubeba vioo vya aina mbili: Samsung S90C ya inchi 65 ni QD-OLED, na ya inchi 83 ina kioo cha OLED cha aina nyingine.