Mihadarati Katika Damu Haitoshi Kueleza Kifo

Mtu anapokata roho akiwa ameshikwa na polisi, kisha maabara ikakuta mihadarati katika damu yake, wengi huamua papo hapo kwamba dawa ndizo zilizomuua. Uamuzi huo ni wa haraka mno, na mara nyingine huficha mauaji.

Tuangalie kifo cha George Floyd, kilichotokea Minneapolis, Marekani, mnamo Mei 25, 2020. Damu yake ilikuwa na fentanili na methamfetamini, na moyo wake ulikuwa na maradhi. Hata hivyo, Dkt. Andrew Baker, mchunguzi wa vifo wa kaunti ya Hennepin, aliamua kuwa Floyd aliuawa: moyo na pumzi vilisimama alipobanwa chini na kukandamizwa shingo. Dawa na maradhi yalichangia tu.

Mwili pekee haukutosha kumaliza ubishi, kwa maana mtu aliyekosa hewa huenda asiwe na alama yoyote. Mahakamani mwaka 2021, Dkt. Martin Tobin, bingwa wa maradhi ya mapafu, aliitazama video na kuhesabu pumzi. Kabla ya kuzirai, Floyd alikuwa akipumua mara 22 kwa dakika. Fentanili hupunguza kasi ya kupumua. Lau ndiyo iliyomlemea, idadi hiyo ingeshuka hadi 10 hivi. Afisa aliyemkandamiza alipatikana na hatia ya mauaji.

Si marehemu wote waliopata uchunguzi wa makini hivyo. Ukaguzi uliotangazwa Maryland mwaka 2025 ulionyesha kuwa vifo 36 vya watu waliodhibitiwa na polisi vilistahili kuitwa mauaji, ilhali awali vilihesabiwa kuwa ajali, maradhi au visivyojulikana sababu.

Nasi Wakenya tuna funzo hapa. Albert Ojwang' alipofia mikononi mwa polisi jijini Nairobi mnamo Juni 2025, tuliambiwa kwamba alijigonga kichwa ukutani. Upasuaji wa maiti ulifichua dalili za kukabwa shingo na majeraha mengi mwilini.

Kwa hivyo, daktari asiridhike na taarifa ya polisi wala majibu ya maabara pekee. Apewe video, apelekwe mahali pa tukio, na awahoji mashahidi. Sheria ya wachunguzi wa vifo ya mwaka 2017 itekelezwe kikamilifu, ili mshukiwa asiwe ndiye msimulizi wa kifo. Hata mlevi ana haki ya kupumua.