Filamu za Katuni, Vitu vya Kuchezea na Jibu la Doha

Tarehe 8 Agosti 1986 kumbi za sinema za Marekani zilianza kuonyesha filamu ya katuni iitwayo The Transformers: The Movie. Ilikuwa hadithi ya kubuni ya kisayansi kuhusu roboti wanaojigeuza magari na ndege, na matukio yake yaliwekwa katika mwaka 2005, ambao kwa watoto wa wakati ule ulikuwa ni mustakbali wa mbali. Mwaka huo ulipowadia, hapakuwa na vita vya roboti angani. Hata hivyo mjini Doha, mji mkuu wa Qatar, mwezi Septemba 2005 ilizinduliwa Kanali ya Watoto ya Al Jazeera. Matukio hayo mawili hayana uhusiano wa moja kwa moja, lakini yakitazamwa kwa pamoja yanaibua swali zito: ni nani anayetunga hadithi za watoto, na anazitunga kwa maslahi ya nani?

Ili kulielewa suala hilo, inafaa kurejea nyuma kidogo. Roboti hao hawakuzaliwa katika kitabu wala katika ngano za wahenga. Walianza kama vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa na kampuni ya Takara ya Japani. Mwaka 1984 kampuni ya Kimarekani ya Hasbro iliviingiza katika soko la Marekani, ikavipa majina mapya na kuvitengenezea mfululizo wa katuni za televisheni. Mwaka huo huo, Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliondoa ukomo wa muda wa matangazo ya biashara. Kwa msingi huo, kipindi kizima cha watoto kiliweza kuwa tangazo refu la bidhaa, na mtoto aliyekitazama asubuhi akaiona bidhaa hiyo hiyo dukani jioni.

Filamu ya mwaka 1986 ilidhihirisha matokeo ya utaratibu huo kwa namna ambayo hata wenye kampuni hawakuitarajia. Kwa kuwa roboti wa zamani walikuwa wanaondolewa madukani ili kupisha bidhaa mpya, ilibidi waondolewe katika hadithi pia. Hivyo basi, kabla filamu haijafika nusu, mashujaa kadhaa walikuwa wameuawa, akiwemo kiongozi wao, Optimus Prime. Kwa upande wa mauzo huo ulikuwa uamuzi wa kawaida wa kubadilisha bidhaa. Kwa mtoto aliyeketi gizani katika ukumbi wa sinema, ulikuwa msiba. Watoto walilia na wazazi wakalalamika. Filamu yenyewe ilikusanya chini ya dola milioni 6 nchini Marekani, na mwaka 1987 Optimus Prime alirejeshwa hai katika mfululizo wa televisheni. Katika filamu nyingine ya Hasbro ya mwaka huo, G.I. Joe: The Movie, shujaa aliyekuwa amepangiwa kufa alisemekana kuwa amezimia tu.

Tukio hilo lina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba mfanyabiashara asiyejua thamani ya hadithi anaweza kuiharibu kwa kuifuata orodha ya bidhaa. La pili ni kwamba mtoto si mnunuzi mtupu. Kile kilichotengenezwa kwa plastiki ili kiuzwe, yeye alikipa uhai, akakipenda na hatimaye akakililia. Mwaka 1990 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya televisheni ya watoto iliyorejesha mipaka ya matangazo: dakika 10 na nusu kwa saa siku za mwisho wa wiki, na dakika 12 siku nyingine.

Doha ilifuata njia nyingine. Kanali ya Watoto ya Al Jazeera ilianzishwa na Taasisi ya Qatar inayoongozwa na Bibi Moza bint Nasser, kwa ushirikiano na kampuni ya Kifaransa ya Lagardère. Lengo lake lilikuwa kuelimisha na kuburudisha kwa pamoja, katika lugha ya Kiarabu. Mwezi Januari 2009 ilifuatiwa na kanali ya Baraem, yaani machipukizi, kwa ajili ya watoto ambao bado hawajaanza shule. Mwaka 2013 kanali ya kwanza ilibadilishwa jina na kuitwa Jeem.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya kina zaidi. Mwezi Novemba 2013 Taasisi ya Filamu ya Doha iliandaa kwa mara ya kwanza tamasha la filamu la Ajyal, neno lenye maana ya vizazi, na kulifungua kwa filamu ya katuni ya Mjapani Hayao Miyazaki, The Wind Rises. Upekee wa tamasha hilo ulikuwa kwamba waamuzi wake walikuwa watoto na vijana wenyewe. Makundi yao yalipewa majina ya hatua za mwezi: Muhaq kwa wenye umri wa kuanzia miaka 8, Hilal kwa wa miaka 13 hadi 17, na Badr, yaani mwezi mpevu, kwa wakubwa zaidi. Huko mtoto alitazama filamu, akaijadili na wenzake, kisha akaipigia kura.

Pamoja na hayo, njia ya Doha nayo ina mipaka yake. Inategemea hazina ya dola tajiri kwa gesi, na si kila nchi ina uwezo huo. Afrika Mashariki imelazimika kutafuta njia za gharama nafuu zaidi. Mwaka 2010 mafundi wa Nairobi walishiriki kutengeneza mfululizo wa Tinga Tinga Tales, wenye sura iliyochotwa katika michoro ya Mtanzania Edward Saidi Tingatinga. Mwaka 2014 kipindi cha Ubongo Kids kilianza kuonyeshwa nchini Tanzania, kikifundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili.

Filamu zitokanazo na vitu vya kuchezea hazijatoweka. Mwaka 2024 roboti wale wale walirejea katika filamu ya katuni ya Transformers One. Watoto wa Doha, Mombasa na Dar es Salaam wataendelea kuzitazama, na baadhi yake ni nzuri. Jambo la msingi ni kwamba wasikose na hadithi nyingine, zisizoishia kwenye kaunta ya duka, na kwamba wapewe fursa ya kusema ni ipi iliyowagusa na kwa nini.